Je, Wajua? Kidonge cha Upara Kilianzia Kijijini

Salinas ni kijiji cha Jamhuri ya Dominika. Huko, watoto kadhaa walizaliwa wakaonekana wasichana, wakalelewa hivyo, lakini walipobalehe sauti ikawa nzito, misuli ikajaa, na maumbile ya kiume yakajitokeza. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza sababu katika jarida la Science: watoto hao wana upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, DHT. Jambo jingine likawavutia watafiti. Wanaume hao hata wakiwa watu wazima tezi dume yao hubaki ndogo, na hawaoti upara.

Kampuni ya Merck ikatafuta dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho. Ndipo ikapatikana finasteridi. Marekani iliiruhusu mwaka 1992 kwa wenye tezi dume iliyovimba, kidonge cha miligramu 5, na mwaka 1997 kwa upara wa kurithi, miligramu 1 kwa siku.

Upara huu hauji kwa nywele kung'oka tu. Tazama utosi kwa karibu: palipoota unywele mnene huota mwembamba, kisha mfupi zaidi, mpaka zinabaki nywele laini mithili ya malaika ya mkononi. DHT ndiyo inayosinyaza mashina. Mashina ya kisogoni hayaijali, ndiyo maana mzee mwenye upara bado ana nywele nyuma na juu ya masikio.

Je, dawa hudumu? Katika utafiti uliofuatilia wanaume kwa miaka 5, nywele zilihesabiwa ndani ya duara la sentimita 2.5 utosini, mwanzoni wastani wa 876. Faida kubwa ilionekana ndani ya miaka 2 ya kwanza, kisha ikapungua kidogo. Lakini waliopewa vidonge visivyo na dawa waliendelea kupoteza nywele mwaka hadi mwaka, hivi kwamba mwaka wa 5 tofauti ilifika nywele 277 ndani ya duara hilo dogo. Kwa picha, wataalamu waliona asilimia 90 ya waliotumia dawa wameongeza nywele au wamebaki walivyokuwa. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 25.

Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kulinda kilichopo. Anayeanza mapema hunufaika kuliko aliyekwisha kuwa na upara unaong'aa, na anayetarajia nywele za ujana wake atavunjika moyo. Ukiacha, ndani ya miezi 12 hivi ulichopata kitapotea.

Madhara yapo, nayo yasifichwe kwa aibu. Wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa miongoni mwa madhara yake. Ukiona moyo unakuwa mzito, acha dawa umwone daktari mara moja. Mama mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Na ukienda kupima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mwambie daktari kwamba unaitumia. Finasteridi hushusha kiwango hicho kwa karibu nusu, na saratani inaweza kupita bila kuonekana.