Hifadhi ya Funguo, Nyumba na Gari

Mwivi wa gari wa zamani hakuwa na haja ya kuingia nyumbani mwa mtu. Alilikuta gari barabarani, akavunja kioo, akazichomoa nyaya zilizo chini ya usukani, akaziunganisha, na injini ikamtii kana kwamba yeye ndiye mwenye mali. Na mwenye gari, alipoamka alfajiri akaona pahala patupu, alipatwa na msiba wa mali peke yake, kwa kuwa aila yake ililala salama usiku kucha na mlango wake haukuguswa. Mwivi wa leo amebadili njia. Kitu anachokitafuta kwanza ni ufunguo, na maadamu ufunguo hulala ndani pamoja na watu, yeye naye hana budi kuingia ndani waliko watu; hapo ndipo shari ya wizi wa gari ilipogeuka kuwa shari ya nyumba nzima.

Sababu ya mageuzi haya, ajabu yake, ni jambo la heri. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa magari walieneza desturi ya kutia katika kichwa cha ufunguo chembe ndogo ya elektroniki isiyohitaji betri. Ufunguo unapotiwa katika swichi, waya uliozungushwa kando ya tundu lile huipa chembe nguvu kwa njia ya sumaku, nayo huitika kwa kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo huiruhusu injini kushika moto, na isipoitambua huizuia, hata mwivi akiunganisha nyaya zote za gari. Umoja wa Ulaya ulilifanya jambo hili kuwa sharti kwa magari mapya tangu mwaka 1998. Na Uingereza, ambako wizi wa magari ulikuwa umefikia kilele mwanzoni mwa miaka ile, hesabu yake iliteremka mno. Tamaa ya wezi, hata hivyo, haikuteremka pamoja na hesabu. Gari lilipokuwa gumu kuibwa bila ya ufunguo, wao waliufuata ufunguo ulipo, na polisi wa nchi ile wakaanza kukutana na uvunjaji wa nyumba wa namna mpya, ambao mwivi hupita vyombo vya thamani sebuleni bila ya kuvigusa, akachukua funguo zilizoachwa mezani au zilizotundikwa ukutani karibu na mlango, akatoweka na gari katika muda wa dakika chache.

Tena mwivi wa namna hii hahitaji kuingia kila mara. Nyumba za Uingereza aghalabu zina tundu la barua katikati ya mlango, na wezi hupitisha humo waya mrefu wenye kulabu wakazivua funguo zilizo karibu. Kwa hiyo wenye ujuzi wa ulinzi wa nyumba huko hushauri kwamba tundu hilo liwe mbali na kitasa kwa sentimita 40 angaa, na liwekewe kizuizi kwa ndani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna tundu la barua mlangoni, lakini hila hiyo twaijua vyema kwa sura nyingine. Nani katika miji yetu hajasikia habari ya mwivi wa dirishani, ambaye usiku wa joto, madirisha yakiwa wazi na nyavu za mbu zimechakaa, hupenyeza kijiti kirefu kati ya nondo akavuta suruali iliyotundikwa, na mfukoni mwa suruali hiyo mkawamo simu, fedha na funguo? Nondo humzuia mtu asipite. Mkono wake na kijiti chake hazivizuii. Basi kanuni ya kwanza ni nyepesi na haina gharama: ufunguo usikae mahali unapoonekana kutoka dirishani au mlangoni, wala mahali panapofikiwa na kijiti kutoka nje. Droo iliyofungwa katika chumba cha kati yatosha.

Kanuni ya pili ni ya mlango wenyewe, nayo yataka mtu aelewe kazi ya kitasa ni nini. Mwaka 1790 fundi Joseph Bramah wa London alitundika kufuli lake dirishani mwa duka, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeweza kulifungua bila ya ufunguo, na kufuli lile likadumu kwa zaidi ya miaka 60 bila ya kushindwa. Mpaka mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alipotokea Mmarekani Alfred Charles Hobbs akalifungua, baada ya kazi ya saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Watu wengi walifadhaika kusikia kwamba kufuli bora la zama zao limeshindwa. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba habari ile ina faraja ndani yake, kwa sababu hapana mwivi duniani mwenye saa 51 za kukaa mlangoni pa mtu. Kitasa humnunulia mwenye nyumba wakati, na wakati ndio kitu ambacho mwivi hana. Kila dakika anayolazimishwa kuitumia, na kila kishindo anacholazimishwa kukifanya, humsogeza karibu na kukamatwa.

Kwa hiyo mlango na upimwe kwa udhaifu wake. Vitasa vya silinda, vilivyoenea sasa katika milango ya alumini na ya mbao, huvunjwa kwa wepesi ikiwa silinda imechomoza nje ya bamba lake, kwa kuwa mwivi huishika kwa koleo akaipinda ikakatika katikati. Silinda iliyo sawa na bamba, au iliyotengenezwa kwa kuzuia hila hiyo, kama zile zenye nyota tatu za kipimo cha Uingereza cha TS 007, humpa kazi ngumu zaidi. Bawaba na zitiwe skrubu ndefu zinazozama katika miimo, maana kitasa imara juu ya mwimo uliooza ni fedha iliyotupwa. Na milango ile ambayo mpini wake huinuliwa juu ili komeo zake zitoke, haijafungwa mpaka ufunguo uzungushwe. Watu wengi huuinua mpini wakaenda kulala, wakidhani wamefunga.

Tufike sasa kwenye magari mapya, ambayo ufunguo wake hautiwi tunduni kabisa. Mwenye gari hulikaribia, ufunguo ukiwa mfukoni, na mlango ukafunguka; hukaa kitini, akabonyeza kitufe, na injini ikawaka. Siri yake ni kwamba gari hutoa mawimbi hafifu yanayofika umbali mdogo tu, na ufunguo unapoyasikia huitika kwa mawimbi ya redio. Gari hudhani kwamba, kwa kuwa limeitikiwa, ufunguo uko karibu. Dhana hiyo ndiyo waliyoigeuza wezi kuwa mlango wao. Wawili hushirikiana: mmoja husimama ukutani mwa nyumba na chombo chenye antena, mwingine husimama kando ya gari na chombo cha pili, na vyombo hivyo huyabeba mawimbi ya gari mpaka chumbani ulikolala ufunguo, na kuyarudisha majibu yake, hata gari likaamini kuwa bwana wake amefika. Hakivunjwi kioo, haulii mlio. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo cha ETH huko Zurich walilijaribu jambo hili kwa magari 10 ya watengenezaji 8, na magari yote 10 yalidanganyika.

Dawa yake imejulikana tangu zamani. Mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha kwamba chumba kilichozungukwa na madini pande zote hakipenywi na nguvu za umeme za nje, na juu ya msingi huo hutengenezwa leo mifuko na visanduku vya kuhifadhia funguo. Lakini mnunuzi asiamini maneno ya muuzaji. Autie ufunguo katika mfuko, aufunge, aende mpaka kwenye gari lake na kulishika mlango. Ukifunguka, mfuko ule haufai. Na ajaribu tena kila baada ya miezi michache, kwa kuwa utando wa ndani huchanika kwa kukunjwa. Ufunguo wa akiba nao ufanyiwe vivyo hivyo, kwani watu huuhifadhi ule wa kila siku wakausahau wa pili kabatini, nao huitika sawasawa na mwenziwe. Baadhi ya magari huruhusu kazi hiyo ya kufunguka yenyewe kuzimwa, na baadhi ya funguo hulala zisipotikiswa kwa dakika kadhaa. Mwenye gari na auulizie uwezo huo kabla ya kununua kitu chochote.

Fauka ya hayo, yafaa gari lenyewe liwe na ulinzi wa pili usiotegemea ufunguo, mathalani chuma cha kufungia usukani, ambacho mwivi hukiona kwa kioo akajua kwamba ana kazi ya ziada yenye kelele, au swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, au chombo cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Geti lililofungwa na taa inayowaka mtu anapopita huongeza vizuizi hivyo.

Lakini funguo nyingi hupotea kwa mkono wetu wenyewe. Mtu humpa muosha gari au fundi wa gereji shada zima la funguo, za gari na za nyumba pamoja, na huku kadi ya gari yenye jina na anwani yake imo katika kisanduku cha mbele. Hivyo humkabidhi asiyemjua mlango wa nyumba na njia ya kuufikia. Ufunguo wa gari na utenganishwe na wa nyumba kwa pete inayofunguka, na anwani isiandikwe juu ya kibati cha ufunguo. Magari mengi yanayotujia kutoka Japani yakiwa yametumika hufika na ufunguo mmoja tu, na mwenye kutaka wa pili aende kwa fundi anayejulikana, akae naye mpaka kazi iishe, tena amwombe aifute katika kompyuta ya gari kila namba ya ufunguo asioumiliki. Anayehamia nyumba ya kupanga na abadilishe silinda, kwani hajui wapangaji waliotangulia walichonga nakala ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari: mwenye nyumba aandike funguo zake ni ngapi na ziko kwa nani, na namba ya chasisi na ya injini, aziweke mbali na gari. Kampuni nyingi za bima hudai funguo zote gari linapoibwa, na anayeshindwa kuzitoa huweza kuikosa fidia yake.

Liko pia jukumu la mnunuzi. Magari yaliyoibwa Uingereza yamepata kukutwa Kampala na katika bandari ya Mombasa, kwa kuwa sisi kama wao huendesha upande wa kushoto, na gari lao lafaa barabarani kwetu bila ya kubadilishwa. Anayenunua gari kwa bei isiyo na maelezo, bila ya kulinganisha namba ya chasisi na karatasi zake, humlipa ujira mtu aliyeingia usiku katika nyumba ya watoto wa mwenziwe.

Limebaki jambo kubwa kuliko yote, nalo ni roho za watu. Wapo wanaouweka ufunguo chini ya mto, wakidhani hapo ndipo pa amani. Kumbe humwita mwivi mwenye silaha mpaka kitandani. Ufunguo usilale na mtu. Na mwivi akiwa amekwisha kuingia, mwenye nyumba ajifungie na aila yake chumbani, apige kelele za kuamsha majirani, apige simu ya polisi, ambayo ni 112 katika Tanzania, na 999 au 112 katika Kenya. Wala asimfukuze mtu gizani kwa ajili ya gari, ambalo bima yaweza kulilipa. Kadhalika, ulinzi dhidi ya wezi usiwe jela wakati wa moto: katika nyumba yenye nondo kila dirisha na kufuli katika kila geti la chuma, kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto mwenye akili, ajue ufunguo wa kutokea u wapi, nao uwe mahali pamoja daima, mbali na dirisha lakini karibu na mkono wa aliye ndani. Wazazi na wafanye mazoezi ya kuufikia gizani pamoja na watoto wao, kwa kuwa nyumba iliyolindwa sawasawa ni ile ambayo mwivi hawezi kuingia upesi, na wenyewe waweza kutoka upesi.