Mnara wa Upepo Huwa Mrefu Kiasi Gani?

Msomaji uliyesafiri kwa basi kati ya Mombasa na Voi, bila shaka wapajua Maungu, katika wadi ya Marungu. Barabara hiyo ndiyo iliyopitisha malori yaliyobeba minara na mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, kutoka bandari ya Mombasa hadi Loiyangalani, Marsabit, safari ya kilomita 1,200 hivi.

Kituo hicho, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2019, kina mitambo 365. Kila mnara una mita 44. Panga likisimama wima, ncha yake hufika mita 70. Huko Ulaya minara mingi ya siku hizi hupita mita 100. Mbona yetu mifupi?

Jibu ni upepo wenyewe. Karibu na ardhi, miti na nyumba huupunguza kasi. Juu zaidi, huenda mbio. Na kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nane. Basi penye upepo hafifu, mnara mrefu hurudisha gharama yake. Loiyangalani upepo ni mkali hata chini, na mnara mfupi ni rahisi kusafirisha na kusimamisha.

Kwa hiyo, anayetamani mtambo Marungu asianze na mnara. Apime upepo kwanza, mwaka mzima, ndipo aulize bei.