Mboga za friza zinaweza kuwa tamu

Alikuja kwangu mama mmoja mkaazi wa Likoni, umri wake miaka hamsini na kitu. Presha yake ilikuwa juu ingawa dawa alikuwa akimeza kila siku. Nilipomuuliza kuhusu chakula, alicheka kidogo. "Daktari, mboga ulizoniambia nile ninakula. Lakini za friza hazina ladha. Nisipotia vile vipande vya mchuzi vya dukani, viwili au vitatu, watoto hawazigusi."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Sehemu kubwa ya vipande hivyo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Mama huyu alikuwa akila mboga kwa ajili ya presha, na katika sufuria hiyo hiyo akiipandisha.

Sikumwambia aache friza. Yeye hufanya kazi kisiwani, na akivuka feri jioni mchicha uliobaki sokoni umeshanyauka kwa joto letu. Kwa hivyo siku ya mapumziko hununua mboga za wiki nzima Kongowea na kuzigandisha. Wengi wa Kisauni na Changamwe hufanya vivyo hivyo, na si vibaya. Mboga iliyogandishwa ingali mbichi huhifadhi lishe yake vizuri, pengine kuliko ile iliyokaa siku tatu mezani.

Ladha hupotelea wapi?

Mboga nyingi ni maji kwa sehemu kubwa. Maji hayo yakiganda huwa chembe za barafu zinazopasua seli za mboga. Barafu ikiyeyuka, maji huvuja, na baadhi ya utamu na vitamini C huondoka nayo. Sasa ukiitoa mboga asubuhi iyeyuke, umwage maji yake, kisha jioni uichemshe na kumwaga maji tena, kitakachobaki ni makapi. Hata chumvi ya pakiti nzima haitarudisha kilichomwagwa.

Kugandisha nyumbani

Osha mboga na uikate. Itumbukize katika maji yanayochemka: mchicha, spinachi na karoti zilizokatwa dakika 2, sukuma wiki na maharagwe mabichi ya maganda dakika 3. Kisha itie mara moja katika maji ya barafu ipoe, na uichuje vizuri. Usiruke hatua hii. Ndani ya mboga mna vimeng'enya ambavyo huendelea kufanya kazi hata ndani ya friza, na ndivyo vinavyobadilisha rangi na ladha.

Itandaze bapa katika mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, utoe hewa, na uandike tarehe. Mfuko mwembamba huganda upesi, na barafu inayoganda upesi huwa na chembe ndogo zisizoharibu sana mboga. Donge kubwa huganda polepole na hutoka likiwa limelegea.

Kupika

Usiyeyushe mboga kwanza. Pasha karai moto sawasawa, tia mafuta kidogo, ukaange kitunguu, thomu, tangawizi na bizari. Tia nyanya uache zikauke. Kisha tia mboga ikiwa na barafu yake, moto uwe mkali, na usifunike. Koroga mpaka maji yakauke. Majani huchukua dakika 3 hadi 5. Karoti na njegere huhitaji zaidi kidogo. Usijaze karai, kwa maana barafu nyingi hupoza mafuta na mboga huishia kujichemsha yenyewe.

Ukitaka tui, tia kidogo mwishoni, lipate moto tu bila kuchemka sana lisije likakatika. Ukishaepua, kamulia ndimu. Ndimu huamsha ladha, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani. Wajawazito na wenye upungufu wa damu wazingatie hilo, na chai wainywe baadaye, si pamoja na mlo. Onja kwanza, ndipo uongeze chumvi chembe kama kweli inahitajika.

Kisamvu hakifuati kanuni ya kupika upesi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, mpaka yaive kabisa. Kipike kikamilifu kwanza, kipoe, ndipo ukigandishe. Siku ya kukila utakipasha tu na kukiunga kwa tui.

Tahadhari

Mboga ya friza isiliwe bila kupikwa, hata mahindi na njegere za pakiti zinazotiwa katika saladi. Baridi haiui vijidudu vyote. Kati ya mwaka 2015 na 2018, watu 47 katika nchi tano za Ulaya waliugua kwa bakteria aina ya listeria, na 9 kati yao wakafariki. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mahindi yaliyogandishwa.

Umeme ukipotea, usifungue friza. Iliyojaa huweza kuhifadhi baridi takriban saa 48, iliyo nusu takriban saa 24. Umeme ukirudi, mboga ambayo bado ina barafu ndani yake haijaharibika. Iliyoyeyuka na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili itupwe, hata kama hainuki. Katika joto letu la pwani, hata saa moja yatosha kuiharibu.

Mama wa Likoni alirudi baada ya majuma sita. Dawa zake anaendelea kumeza, na nisingependa msomaji yeyote aache zake kwa sababu ya karai la mboga. Lakini presha ilikuwa imepungua, na vile vipande vya mchuzi alikuwa ameviacha. Alilalamika jambo moja tu: mfuko wa mlo mmoja hautoshi tena, watoto wanataka kuongezewa. Nilimshauri agandishe mifuko miwili.