Chuo cha Ubao na Chuo Kikuu

Mtu apitaye asubuhi katika vichochoro vya Kipini, pale Mto Tana umwagapo maji yake baharini, huenda akasikia sauti za watoto wakisoma kwa pamoja chuoni. Kwa watu wa pwani, chuo ni jina la zamani la mahali pa kusomea Kurani, na lilikuwa hivyo kabla halijapewa majumba makubwa ya Kilifi, Mombasa na Nairobi. Hata neno kuhitimu, ambalo siku hizi hutajwa zaidi wakati wa majoho na kofia za pembe nne, asili yake hapa pwani lilikuwa la mtoto aliyemaliza kusoma juzuu zote 30. Vyuo vikuu viliyaazima maneno haya mawili, lakini desturi ya kusoma iliyokuwa ndani yake imeachwa njiani na vijana wengi, na hasara yake huonekana kila matokeo ya mitihani yanapotolewa.

Kijana wa Kipini aendaye chuo kikuu hapelekwi na mtu mmoja. Mna ndani ya safari yake maembe ya baba, samaki wa mjomba, labda ng'ombe mmoja aliyeuzwa kabla ya wakati wake, na mkopo wa serikali ambao siku moja lazima ulipwe. Akianguka katika somo moja itampasa kufanya mtihani wa marudio. Akianguka katika masomo mengi huenda akarudia mwaka mzima. Mwembe nao haujui kwamba mwaka huo karo yatakiwa mara mbili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa waangukao si wavivu. Hukesha. Kijana hukaa na daftari lake mpaka saa nane za usiku, mkononi ana kalamu ya rangi ya manjano, naye hupaka mistari mpaka ukurasa wote wang'aa kama alizeti. Husoma ukurasa huo mara tatu, mara nne, na kila mara maneno humjia kwa wepesi zaidi, akasema moyoni, "Haya nayajua." Kumbe ameizoea sura ya ukurasa tu. Mtu aweza kuonana na jirani kila siku sokoni, akamtambua kwa mbali, na bado asijue jina lake. Mtihani hauulizi kama kijana ameutambua ukurasa; huuliza jina, tena wakati mwenye jina hayupo.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki vilitumiwa kuandika yote yaliyokumbukwa katika karatasi tupu, bila kuitazama habari yenyewe tena. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walishinda: walikumbuka sehemu 83 katika 100, na wenzao 71. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikuwa wamebakiwa na sehemu 40 tu, na wale wa karatasi tupu walikuwa na 61. La kustaajabisha zaidi, walipoulizwa mapema kama watayakumbuka waliyoyasoma, waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa.

Mwalimu wa chuo cha Kipini angesikia habari hii angecheka kidogo, kwa kuwa kwake si habari mpya. Mtoto huandikiwa aya ubaoni, huisoma mpaka aione nyepesi, kisha huja mbele ya mwalimu na kuisoma kwa moyo, ubao ukiwa umefunikwa. Akikwama hurudishwa. Hapewi somo jipya kabla ya kulisoma lile la jana, na sura za nyuma huitwa tena na tena zisije zikapotea. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kudurusi. Wakristo wa Ngao, huko juu mtoni, ambako wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi katika miaka ya 1880, nao wana desturi iliyo karibu na hiyo, maana katekisimu hujifunzwa kwa swali na jibu, wala mwanafunzi hajibu huku akisoma kitabuni.

Basi mwanafunzi wa chuo kikuu arudi kwenye ubao wake. Siku ile ile aliyofundishwa somo, jioni, alifunge daftari, achukue karatasi tupu na kuandika yote anayoyakumbuka: maelezo, michoro, hesabu, hata kama ni nusu tu. Kisha alifungue daftari na kujaza kwa wino wa rangi nyingine yale aliyoyasahau. Wino huo wa pili ndio utakaomwonyesha kazi yake ya kesho. Baada ya siku mbili arudie kwa karatasi nyingine tupu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kazi hii yachosha kuliko kupaka rangi ya manjano, na siku za kwanza yavunja moyo, kwa kuwa karatasi hubaki na weupe mwingi. Asiogope, kule kujitahidi kukumbuka ndiko kunakolikaza somo.

Kuachanisha siku nako kuna sababu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe kwa muda mrefu, aliona kwamba mtu husahau upesi sana katika saa za kwanza, na baadaye husahau polepole. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yale yale yaliyorundikwa katika siku moja. Saa tatu za kusoma zikigawanywa nusu saa kwa siku sita zina faida kuliko saa tatu za usiku mmoja, nazo hazimnyimi kijana usingizi.

Hata hivyo yafaa kusema kweli. Chuo cha ubao kilikuwa na upungufu wake: watoto wengi waliweza kuisoma sura nzima bila kosa nao hawajui maana ya neno moja la Kiarabu. Chuo kikuu hakitosheki na hayo. Lakini dawa yake nayo haiko mbali, kwani wenye kutaka elimu zaidi walikwenda darsani, kama katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1935. Darsani kitabu husomwa kidogo kidogo, na shekhe hufasiri maana yake. Mwanafunzi awe na darsa lake mwenyewe: kila anapokumbuka jambo ajiulize, kwa nini limekuwa hivi? Lingekuwaje kama sababu yake isingalikuwapo?

Mfano uko mlangoni pa Kipini. Zamani Mto Tana haukuingia baharini hapa. Mahali hapa palikuwa mlango wa Mto Ozi. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha mito hiyo miwili, na baadaye sehemu kubwa ya maji ya Tana ikaufuata. Mwanafunzi wa jiografia aliyehifadhi jina la Belezoni peke yake atapata alama moja. Yule awezaye kueleza kwamba maji hupenda njia fupi yenye mteremko zaidi, na kwamba yakiisha kuipata huichimba na kuipanua yenyewe, atapata zote tano, na tena ataweza kujibu swali juu ya mto mwingine ambao hajapata kuusikia.

Simu iwekwe chumba kingine wakati wa kusoma. Juu ya hilo hakuna haja ya maneno mengi.

Sasa chumba cha mtihani. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya majaribio ya katikati ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho alama 70, na alama ya kupita huwa 40. Hesabu hii haifikiriwi na wengi mpaka wamechelewa. Aliyepata 24 katika majaribio ahitaji 16 tu katika 70 ili apite, naye ataingia chumbani moyo wake umetulia. Aliyeyadharau akapata 6 atatakiwa kupata 34, karibu nusu ya karatasi nzima, siku ambayo huenda tumbo likamsumbua.

Karatasi yenyewe mara nyingi ni ya saa mbili: swali la kwanza la lazima lenye alama 30, na mengine mawili ya kuchagua, kila moja alama 20. Kosa kubwa la vijana wenye akili ni kulipenda swali la kwanza. Huliandikia saa nzima na nusu, kwa mwandiko mzuri, kisha msimamizi akitangaza kwamba muda umebaki dakika kumi, swali la tatu halijaanzwa. Hata likisahihishwa kwa huruma, swali lisiloandikwa halina alama. Afadhali dakika 10 za kwanza zitumiwe kusoma karatasi yote na kuchagua, na 10 za mwisho kusahihisha. Zilizobaki ni 100: dakika 43 kwa swali la lazima, na 28 kwa kila moja la mengine. Saa zake zikifika aache nafasi na kuendelea mbele, hata kama sentensi haijaisha.

Si lazima kuanza na swali la kwanza kwa kuwa limeandikwa la kwanza. Aanze na lile alijualo zaidi, mkono upate joto. Alitazame pia neno linaloamuru. Taja si eleza, na eleza si linganisha. Aliyeambiwa alinganishe kilimo cha mpunga na cha mahindi, akaandika ukurasa juu ya mpunga na ukurasa juu ya mahindi, hajalinganisha kitu. Katika hesabu aonyeshe njia aliyopitia, maana mtahini aweza kutoa alama kwa njia hata jibu la mwisho likikosewa. Tena wako wanaoshauri kwamba jibu la kwanza lisibadilishwe kamwe. Ushauri huo si kweli. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wanaobadili jibu baada ya kufikiri hupata zaidi kuliko wanavyopoteza.

Katika mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, barabara za bonde la Tana zilikatika, na serikali ikaahirisha kufungua shule za nchi nzima mpaka tarehe 13 Mei. Siku kama hizo umeme na mtandao hupotea, na anayetegemea simu kwa kila somo hukaa bure. Mwenye karatasi tupu na kalamu aweza kuendelea hata akiwa juu ya dari.

Wazazi nao wana sehemu yao wakati wa likizo, wala hawahitaji kujua Kiingereza. Mzee ashonaye wavu wake barazani aweza kumwita kijana wake na kumwambia, "Hebu nieleze mliyosoma muhula huu." Kijana alazimishwe kuyasema kwa Kiswahili, polepole, mpaka mzee aelewe, na akiinuka kwenda kuleta daftari, mzee amwambie aketi, alilete baadaye.