Trekta ndogo nayo inaua: ule upinde wa chuma ni wa nini?

Msimu wa kulima ukikaribia, maswali ya wasomaji kuhusu trekta huongezeka, na safari hii mengi yana sura moja. Mtu anataka kununua trekta ndogo, ya nguvu farasi ishirini na kitu. Muuzaji anamwambia kwamba ule upinde wa chuma unaosimama nyuma ya kiti ni wa trekta kubwa. Ukitolewa, bei inashuka. Je, kuna ulazima?

Upo. Ningeishia hapo kama si uzushi unaolizunguka jambo hili.

Uzushi wa kwanza ni huo wa udogo. Trekta tunayoiita ndogo, kama zile zinazoingia kwenye majaruba ya mpunga, mara nyingi ina uzito wa tani moja na ushei hata kabla ya kufungiwa rotaveta. Watu hudhani aliyelaliwa na trekta anauawa na kuvunjika mifupa. Mara nyingi anauawa na kukosa pumzi: mbavu zimebanwa, kifua hakitanuki, hewa haiingii hata kama koo liko wazi, na dakika chache zinatosha. Kwa kifua cha binadamu, tani moja na tani nne ni mamoja.

Tena udogo una ubaya wake. Trekta ndogo huwa nyembamba, na kichuguu au tuta ambalo trekta pana inalipanda ikainama kidogo, nyembamba inainama zaidi. Halafu kuna siri ambayo madereva wengi hawajawahi kuelezwa: ekseli ya mbele haijakazwa kwenye bodi. Imeshikwa na pini moja katikati, ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka yakifuata ardhi. Kwa hiyo bodi ya trekta haisimami juu ya miguu minne. Inasimama juu ya mitatu, yaani tairi mbili za nyuma na pini ile ya mbele. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, trekta inaanza kulala, na ekseli inapogonga kizuizi chake ili isaidie kuishika, mara nyingi mwendo wa kuanguka umeshakolea. Kwenye kona mambo ni mabaya zaidi. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayokusukuma nje inazidi mara nne. Ndiyo maana trekta ndogo iliyolima siku nzima bila tatizo inapinduka jioni barabarani, ikirudi nyumbani na tela la magunia.

Lakini kupinduka kunakonishangaza kila ninapokufikiria ni kule kwa kinyumenyume. Trekta imekwama kwenye tope, au imefungwa mnyororo inang'oa kisiki. Dereva anaweka gia nzito, anakanyaga mafuta, anaachia klachi kwa ghafla. Ndani ya difu, pinioni inazungusha kraunwili, kraunwili inazungusha ekseli, ekseli inazungusha matairi. Sasa matairi yamegoma. Kraunwili imesimama pamoja nayo, ila injini haijui. Inaendelea kuisukuma pinioni. Pinioni isipoweza kuizungusha kraunwili, inaanza kuipanda, jino baada ya jino, nayo imeshikwa kwenye bodi ya trekta. Kwa hiyo bodi nzima, injini, kiti na dereva juu yake, inazunguka kuelekea nyuma kama bodaboda anayenyanyua tairi la mbele, tofauti ikiwa kwamba huku nyuma dereva anafuatwa na tani nzima ya chuma.

Wataalamu wa usalama wa mashambani wanakadiria kwamba kutoka matairi ya mbele yanapoachana na ardhi hadi pale ambapo hata kukanyaga klachi hakusaidii, inapita takriban robo tatu ya sekunde. Kufikia sekunde moja na nusu, usukani uko chini na matairi yako juu. Anayesema "mimi nitaruka" aanze kwa kuupisha usukani ulio mbele ya tumbo lake, atoe miguu kwenye pedeli, kisha achague upande. Kwenye kulala ubavu, upande mwepesi kurukia ndio huo huo trekta inakoangukia.

Tatizo hili ni la zamani kama trekta zenyewe. Fordson ya Henry Ford, iliyotoka 1917, ilijulikana kwa kuwageukia madereva jembe likinasa. Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini ambaye jina lake wakulima wetu wanalisoma kwenye boneti za Massey Ferguson, alibuni mikono mitatu ya kufungia jembe kwa namna ambayo jembe likigonga mwamba, mkono wa juu unasukuma trekta kwa mbele na pua inabaki chini. Ubunifu mzuri sana. Ila unafanya kazi pale jembe lilipofungwa kwenye mikono hiyo. Ukifunga mnyororo kwenye mkono wa juu au ukauzungusha kwenye ekseli ili uvute lori lililokwama, umempa huyo pinioni msaidizi. Mnyororo hufungwa kwenye baa ya chini ya kukokotea, basi.

Upinde haumzuii mtu kupindua trekta. Kazi yake ni kuamua mwisho wa kupinduka huko. Bila upinde, trekta inaweza kubiringika mzunguko mzima na kurudi tena juu ya dereva. Ikiwa nao, mara nyingi inalala ubavu na kukomea hapo, na chuma kinabakiza nafasi ambayo mwili wa dereva unaenea. Kinachombakiza dereva ndani ya nafasi hiyo ni mkanda. Hapa ndipo wengi wanapochanganya: upinde ukiwa umesimama, funga mkanda, upinde ukiwa umekunjwa ili kupita chini ya miti, au haupo kabisa, usifunge, kwa sababu utakuwa umejifunga kwenye kitu kinachokuja kukukandamiza. Na ukimaliza kupita chini ya miembe, uinue tena na uchomeke pini. Upinde uliokunjwa mwaka mzima ni sawa na uliouzwa skrepa.

Anayetaka ushahidi aitazame Sweden. Mwaka 1959 nchi hiyo ililazimisha trekta mpya ziuzwe na kinga hiyo, kisha ikazibana na za zamani. Mwaka 1957 vifo vya kupinduka vilikuwa karibu 12 kwa kila trekta 100,000. Kufikia 1990 vilikuwa 0.2. Uingereza ilidai kinga kwenye trekta mpya kuanzia 1970. Marekani ilianza 1976 na trekta za waajiriwa zenye zaidi ya nguvu farasi 20, na 1985 watengenezaji wakakubaliana kuiweka kwenye trekta zote mpya zinazovuka kiwango hicho. Kiwango hicho cha 20 ndicho wauzaji wetu wanachokigeuza kuwa kibali. Ni mstari wa sheria tu, ardhi hausomi. Trekta nyembamba za mashamba ya mizabibu zina taratibu zake maalumu za kupima upinde chini ya shirika la kimataifa la OECD, maana huko hakuna aliyedhani wembamba ni kinga.

Sasa wakanjanja. Kibanda cha kuzuia jua, chenye vyuma vinne vyembamba na bati juu, si upinde; trekta ikilala kinakunjika kama mwavuli, na anayekiuza kwa jina la kinga anauza roho za watu. Fundi wa kuchomelea anayekutengenezea upinde wa mabomba ya maji naye ni vilevile, hata kama kaupaka rangi ya kiwandani. Upinde halali umepimwa kwa kusukumwa na kukandamizwa hadi ujikunje bila kukatika, na boliti zake zimechaguliwa kwa kazi hiyo. Ukiutoboa ili kufungia taa, ukiuchomelea ndoano ya mfuko wa chakula, umeuharibu. Ukishapinduka nao mara moja, unabadilishwa. Usinyooshwe kwa nyundo.

Na tafadhali, tuachane na kumchua kwa mafuta ya moto mtu aliyetolewa chini ya trekta. Kifua kikiwa kimebanwa, zima injini na nyanyua papo hapo, hakuna cha kusubiri. Lakini kama ni mguu tu uliobanwa kwa zaidi ya saa moja, mwite mhudumu wa afya kabla ya kunyanyua, maana misuli iliyopondwa ikiachiliwa inamwaga potasiamu kwenye damu, moyo unaweza kusimama, na figo zinaweza kufa siku zinazofuata. Eric Bywaters na Desmond Beall waliyaeleza haya mwaka 1941, kwa waliofukuliwa kwenye vifusi vya London wakionekana wazima. Majeruhi wa hivyo huhitaji dripu mapema, wala haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu anazungumza vizuri.

Mengine kwa haraka: usibebe mtu kwenye madigadi, hasa mtoto. Tanua nafasi ya tairi za nyuma kama rimu zinaruhusu. Kaa mbali na kingo za mifereji. Ukikwama, chimba mbele ya tairi au rudi nyuma, usipigane na klachi. Ukinunua, tafuta kibandiko cha chuma kinachoonyesha upinde ulipimwa kwa modeli ipi ya trekta; cha modeli nyingine hakikufai.

Wenye pawatila wameuliza pia. Ile ya magurudumu mawili haina mahali pa kufungwa upinde, na hatari yake kubwa iko kwenye mteremko ukiwa na tela lililojaa: shuka kwa gia ndogo, usiweke nyutro, na watu wa kupanda juu ya magunia washuke watembee.