Mbwa Mchanga Anayeogopa Maji: Mzoeshe Polepole, Usimtupe Mtoni

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru hufuga mbwa wa kulinda boma, mifugo au shamba. Baadhi wamenunua watoto wa mbwa wa jamii ya Labrador au Spaniel wakiamini kwamba mbwa hao huzaliwa wakipenda maji. Mwenye mbwa hushangaa anapomwona akitetemeka mbele ya beseni la kuogea au akigoma kuvuka mtaro.

Hofu hiyo huonekana jambo dogo, lakini ina madhara. Mbwa asiyekubali kuoshwa ni vigumu kumkinga dhidi ya kupe na viroboto. Wakati wa mafuriko, mbwa anayeogopa maji hukataa kuondoka nyumbani na anaweza kumuuma anayejaribu kumbeba. Tena wapo wanaomwona mbwa wa namna hiyo wakadhani ana kichaa, wakampiga hadi kufa bila sababu.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, ni jukumu la serikali za kaunti. Ndiyo maana tunaeleza hapa hatua ambazo kila mfugaji anaweza kuzifuata nyumbani bila gharama kubwa.

Kwa nini mbwa huogopa maji?

Labrador walitokana na mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, kisha wakaendelezwa Uingereza katika karne ya 19. Kazi yao ilikuwa kuwaletea wawindaji bata na ndege wengine walioanguka majini baada ya kupigwa risasi. Nchini Kenya, uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo wengi wa mbwa hawa hapa kwetu ni walinzi au wa kufugwa nyumbani tu.

Hata hivyo, ukoo pekee hautoshi. Mtoto wa mbwa hujifunza mambo mengi ya dunia akiwa na umri wa kati ya wiki 3 na 14 hivi. Asipokutana na maji katika kipindi hicho, huyaona kama kitu kigeni baadaye. Wengine huogopa kwa sababu walimwagiwa maji baridi kama adhabu, waliteleza wakazama, au walitupwa mtoni na mtu aliyedhani kuwa hivyo ndivyo mbwa hufundishwa kuogelea.

Kumtupa mbwa majini ni kosa kubwa la mafunzo. Anaweza kuogelea hadi ukingoni kwa kuhofia maisha yake, lakini anachojifunza ni kwamba maji ni hatari na kwamba wewe si wa kuaminika.

Hatua za kumzoesha

Kabla ya kuanza, hakikisha mbwa ni mzima. Mwenye kidonda, maumivu ya sikio au homa hatakubali maji, na hastahili kulazimishwa. Mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo zake asipelekwe kwenye madimbwi au mito inayotumiwa na mbwa wengine. Mfundishe nyumbani kwanza.

1. Anza na beseni au karai pana lisiloteleza. Weka kitambaa chini, kisha mimina maji ya uvuguvugu yasiyozidi kina cha vidole viwili. Weka vipande vya chakula anachokipenda kando ya beseni, halafu ndani yake. Mwache aingie mwenyewe.

2. Mpe dakika tano tu kwa siku. Msifu kwa sauti ya upole anapotia hata mguu mmoja. Akirudi nyuma, usimvute wala kumkaripia. Siku inayofuata anzia pale alipokuwa na utulivu.

3. Akizoea, ongeza maji kidogo kidogo hadi yafike magotini. Mmwagie mgongoni kwa kikombe, ukianzia nyuma na kuacha kichwa mwisho. Epuka kumwelekezea mpira wa maji wenye nguvu.

4. Hamia nje kwenye maji yaliyotulia, yenye ukingo wa mteremko mdogo na chini pagumu. Vua viatu uingie naye. Mbwa humfuata mtu anayemwamini. Ukiwa na mbwa mkubwa mtulivu aliyezoea maji, nenda naye pia, kwani mdogo huiga.

5. Tumia mchezo. Mbwa anayependa kuokota vitu arushiwe kijiti kinene au mpira unaoelea, kwanza kwenye nchi kavu, kisha ukingoni, halafu hatua moja ndani ya maji. Usisogeze mbele zaidi hadi aende na kurudi bila kusita.

6. Anapofika mahali ambapo miguu haigusi chini, mshike chini ya tumbo hadi apate mwendo wake. Mfunge kamba ndefu kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Vipindi viwe vifupi, kwa sababu mbwa mchanga huchoka haraka, na akimeza maji mengi anaweza kuugua.

Ukimaliza, mkaushe vizuri hasa masikioni. Maeneo ya Molo na Kuresoi yana baridi kali, kwa hivyo fanya mafunzo mchana jua likiwaka. Mbwa wengine huchukua siku chache, wengine miezi. Wapo pia ambao hawatawahi kupenda kuogelea. Inatosha wakikubali kuoshwa na kubebwa juu ya maji.

Chagua maji salama

Ziwa Naivasha lina viboko, na ukingo wake si mahali pa kufundishia mbwa wala watoto. Maji ya Ziwa Nakuru na Elmenteita yana magadi mengi na hayafai kunywewa. Mabwawa ya mashamba yenye kuta zilizosimama wima ni mtego, kwani mbwa anaweza kuingia akakosa pa kutokea. Pia usitumie maji yaliyotiririkiwa na dawa za mimea.

Hofu ya maji na kichaa cha mbwa

Wengi huamini kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Hiyo ni dalili inayojulikana zaidi kwa binadamu aliyeambukizwa, ambaye koo lake hukaza kwa uchungu anapojaribu kunywa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji, na hata kupita ndani ya mto. Kwa hivyo, mtoto wa mbwa anayekimbia beseni tangu aletwe nyumbani hana kichaa kwa sababu hiyo pekee. Vilevile, mbwa anayekunywa maji asichukuliwe kuwa salama kwa sababu hiyo.

Dalili za kuangalia ni mabadiliko ya ghafla ya tabia, kuuma bila kuchokozwa, kutokwa na mate mengi, taya kulegea, kushindwa kumeza, sauti kubadilika na kuyumbayumba. Ukiona mbwa anayeonekana kama amekwamwa na mfupa, usitie mkono mdomoni mwake. Wasiliana na daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema huokoa maisha.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na hilo linahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mpeleke mbwa wako akichanjwa kuanzia miezi mitatu, na urudie kila mwaka.

Mvua kubwa zinapotabiriwa

Usimwache mbwa akiwa amefungwa kwa mnyororo au kufungiwa ndani ya kibanda usiku. Maji yakiingia hatakuwa na njia ya kujiokoa, hata kama anajua kuogelea. Mhamishe mapema pamoja na mifugo mingine. Usivuke maji yanayokwenda kwa kasi kumfuata mbwa. Maisha ya mtu ndiyo ya kwanza.

Kwa ushauri kuhusu chanjo, dawa ya kupe au tabia ya mbwa wako, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo unakoishi.