Kubandika na Kutia Kiraka: Juu ya Istilahi za Kolaji Darasani

Katika madarasa ya sanaa limo zoezi jepesi kulitaja, gumu kulieleza. Wanafunzi hukata karatasi na vitambaa vilivyokwisha kutumika, huvipanga juu ya ubao, kisha huvitia gundi hata itokee picha. Zoezi hili huitwa kolaji. Jina hilo latokana na kitenzi cha Kifaransa coller, yaani kubandika kwa gundi, nalo lilipata nguvu katika sanaa baada ya Pablo Picasso na Georges Braque kuanza kubandika vitu vya namna hiyo katika picha zao mwaka 1912.

Kukopa neno si aibu. Dar es Salaam yenyewe yashuhudia: Feri ni neno la Kiingereza lililokwisha kuwa mwenyeji, na Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini jina la mahali halidaiwi kueleza kitu. Istilahi ya darasani hudaiwa. Mwanafunzi aliyeambiwa afanye kolaji amepewa jina tu. Aliyeambiwa abandike amepewa kazi.

Yafaa basi kupambanua vitenzi vinavyokaribiana. Kutia kiraka ni kuziba tundu ili nguo irudie kazi yake. Kuunga ni kukutanisha ncha mbili ziwe kitu kimoja. Kupachika ni kuingiza kitu mahali pake, kama mshale katika uta. Kubandika ni kuweka kitu juu ya kingine, kila kimoja kikibaki na sura yake: stempu juu ya bahasha, tangazo ukutani, chungu jikoni. Tena kubandika kuna kinyume chake, kubandua, kama vile anika na anua, funika na funua. Kwa hiyo kitenzi chenyewe chakumbusha kwamba kipande kilitoka mahali pengine.

Ushahidi wa jambo hili umo katika kazi za Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, akawa mwalimu, na kufariki mwaka 2021. Kwa kukosa fedha za kununulia rangi, alikata pakiti za unga na za sabuni akazifanya picha za watu na wanyama. Na mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Umaskini wa vifaa haukufichwa. Uligeuzwa kuwa rangi.

Mwalimu wa Dar es Salaam awezaye kuwatuma wanafunzi wakaokote maboksi Kariakoo, au magazeti ya kufungia samaki Feri, hana upungufu wa vifaa. Aliyopungukiwa ni maneno ya kuhukumia kazi. Mwanafunzi akipaka rangi juu ya maandishi ya boksi hata yasisomeke, ametia kiraka. Akiyaacha yasomwe yakaongeza maana ya picha, amebandika. Asiyekuwa na tofauti hii hutoa alama kwa usafi wa gundi, akaliacha wazo bila alama.

Lugha yatoa njia. Kama chora huzaa mchoro na uchoraji, na shona huzaa mshono na ushonaji, vivyo hivyo bandika huzaa mbandiko, yaani picha iliyokamilika, na ubandikaji, yaani kazi yenyewe. Kolaji na libaki katika historia ya sanaa. Mezani pa mwanafunzi, kitenzi kitangulie.